Duara la rangi na barafu ya Antaktika: namba ya umaarufu wa utafiti inahesabu nini?

Ukifungua utafiti kwenye tovuti ya jarida kubwa la sayansi, pembeni mwa jina lake mara nyingi utakuta duara dogo la rangi lenye namba katikati. Tafiti nyingi hubaki na namba za tarakimu moja. Utafiti unaosema mabamba ya barafu ya Antaktika yanaliwa na bahari hupanda hadi mamia, na michache hufika maelfu. Mwandishi wa habari huiona namba hiyo akaandika kwamba utafiti "umesomwa sana". Mtafiti huiweka kwenye ombi la fedha. Mwanafunzi huitumia kuchagua chanzo cha tasnifu yake. Wote watatu wanakosea, kwa sababu wasomaji waliohesabiwa ndani ya namba ile ni sifuri.

Si kwa namna ya kusema. Duara hilo hutolewa na Altmetric, kampuni ya London iliyoanzishwa mwaka 2011, na kanuni yake iko wazi. Utafiti ukitajwa na chombo cha habari hupata pointi 8, ukitajwa kwenye blogu 5, kwenye waraka wa sera 3, kwenye hataza 3. Ukitajwa Wikipedia hupata 3, na hizo ni 3 hata kama kurasa kumi zimeutaja. X, Facebook, Reddit na YouTube ni robo moja kila mmoja. Zile 8 za habari ni kiwango cha msingi tu: chombo chenye hadhira kubwa huongezewa na kidogo hupunguziwa. Mtu mmoja akituma jumbe ishirini kuhusu utafiti uleule, huhesabiwa mara moja. Idadi ya waliouhifadhi utafiti kwenye maktaba zao za Mendeley, programu ya kuhifadhia na kupanga tafiti, na idadi ya tafiti nyingine zilizounukuu, huonyeshwa kwenye ukurasa huohuo, ila uzito wake ndani ya alama ni 0.

Tuseme utafiti wa kubuni umetajwa na vyombo vya habari 60, blogu 4, watu 800 kwenye X, Wikipedia, na waraka mmoja wa sera. Tukiacha kando marekebisho ya ukubwa wa chombo, hesabu ni 480 + 20 + 200 + 3 + 3, jumla 706. Sasa fungua orodha ya vyombo 60 usome vichwa vya habari. Ukikuta 52 kati yao vimechapisha habari ileile ya shirika moja la habari, neno kwa neno, basi habari zilizoandikwa kweli ni 9. Ukihesabu upya unapata 298. Utafiti haujabadilika hata herufi moja. Waraka wa sera nao, ambao huenda ni ripoti ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, inayotumiwa na serikali za dunia nzima kupanga kuta za bahari, umeingia na pointi zake 3, pungufu ya nusu ya habari moja ya gazeti.

Kunakili huko hakuna hila ndani yake. Ndivyo habari za sayansi zinavyosafiri. Jarida la Nature hutoa tafiti zake Jumatano saa 10 jioni ya London, yaani saa 1 usiku kwa Dar es Salaam na Nairobi wakati Uingereza iko kwenye majira ya baridi, na saa 12 jioni wakati wa kiangazi chao. Siku kadhaa kabla, waandishi wa habari hupewa nakala kwa sharti la kutochapisha kabla ya saa hiyo. Chuo cha mtafiti nacho hutayarisha taarifa kwa vyombo vya habari na kuiweka kwenye EurekAlert!, huduma iliyoanzishwa mwaka 1996 na chama cha wanasayansi wa Marekani, AAAS. Saa ikifika, habari zote hutoka kwa mpigo. Mashirika kama AP, Reuters na AFP huuza habari zao kwa magazeti na vituo vya redio, ambavyo tovuti zao huzipachika zenyewe bila mhariri kuzigusa. Ndiyo maana alama ya utafiti wa barafu hupanda kama ukuta siku mbili za mwanzo, kisha hulala.

Taarifa ya chuo ndiyo inayosomwa. Utafiti wenyewe husomwa na wachache, na wengi wa hao ni wataalamu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia na taasisi ya Inria ya Ufaransa waligundua kwamba asilimia 59 ya viungo vya habari vilivyosambazwa Twitter havikuwahi kubofywa na mtu yeyote. Walichunguza viungo vya habari za kawaida. Hakuna sababu ya kudhani kurasa 14 za milinganyo ya mtiririko wa barafu zina bahati zaidi.

Kwa nini barafu inayoelea hupotosha vichwa vya habari

Bamba la barafu ni sehemu ya barafu ya bara iliyosukumwa hadi baharini ikaacha kugusa mwamba na kuanza kuelea, huku bado imeshikamana na barafu iliyo nyuma yake. Kubwa kuliko yote, la Ross, lina karibu nusu ya eneo la Tanzania. Kwa kuwa tayari linaelea, likiyeyuka lote haliinui kina cha bahari kwa kiasi cha kutajwa, sawa na kipande cha barafu ndani ya glasi ya sharubati. Kazi yake ni kuzuia. Linabana kingo na visiwa vilivyo mbele, na hivyo kupunguza mwendo wa mito ya barafu inayoshuka kutoka bara. Bamba la Larsen B liliposambaratika mwanzoni mwa 2002, kiasi cha kilomita za mraba 3,250 katika muda wa mwezi mmoja hivi, mito iliyokuwa nyuma yake iliongeza kasi mara kadhaa, na mmoja hadi mara nane. Hiyo barafu ya nyuma ndiyo inayoongeza maji baharini.

Habari ya mitandaoni hukwama kwenye mambo mawili hapo. Kwanza, huchanganya bamba na mto wa barafu ulio nyuma yake. Desemba 2021, kwenye mkutano wa chama cha wanajiofizikia wa Marekani, watafiti walieleza kwamba sehemu ya mashariki ya bamba lililo mbele ya Thwaites, mto mkubwa wa barafu wa Antaktika Magharibi, ina nyufa zinazoweza kulivunja katika muda wa miaka mitano hivi. Ndani ya siku moja vichwa vingi vya habari vilikuwa vimeigeuza kuwa Thwaites nzima itaporomoka kwa miaka mitano. Thwaites nzima ina barafu ya kuinua bahari kwa sentimita 65, na kuiondoa ni kazi ya miongo mingi hadi karne kadhaa. Jambo la kuchekesha kwa anayefuatilia alama ni kwamba matokeo yale yalitolewa mkutanoni, hivyo hapakuwa na makala ya jarida ya kubeba umaarufu ule. Mojawapo ya mawimbi makubwa ya habari za barafu lilipita bila duara la kulirekodi ipasavyo.

Pili, huchanganya kumeguka na kuyeyuka. Julai 2017 siwa la barafu A-68, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 5,800 hivi, lilijitenga na bamba la Larsen C. Lilikuwa na picha, lilikuwa na ukubwa wa kulinganishwa na nchi ndogo, na habari zake zikazunguka dunia nzima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Swansea waliokuwa wakiufuatilia ufa ule walisema wazi kwamba hawana ushahidi wa kuuhusisha na mabadiliko ya tabianchi. Mabamba humeguka hata yakiwa na afya. Upungufu mkubwa zaidi hutokea chini, gizani. Hesabu iliyochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2013 ilionyesha kwamba kuyeyuka kwa chini huondoa wastani wa tani bilioni 1,325 kwa mwaka, na kumeguka tani bilioni 1,089. Kuyeyuka kwa chini hakuna picha. Kwa hiyo kila mara siwa moja huvuta macho kuliko kazi ya miaka kumi ya kupima maji ya chumvi chini ya mita 600 za barafu.

Wakati mwingine kazi moja ya utafiti hutoa vichwa viwili vinavyopingana. Tarehe 15 Februari 2023, Nature ilitoa tafiti mbili kwa siku moja kuhusu Thwaites. Watafiti walikuwa wametoboa kwa maji ya moto shimo la mita 587, wakateremsha vipimo na roboti mwembamba aitwaye Icefin hadi karibu na mahali barafu inapoacha kugusa mwamba. Walikuta sehemu tambarare za chini ya bamba zikiyeyuka kwa mita 2 hadi 5.4 kwa mwaka, polepole kuliko modeli zilivyotarajia, kwa kuwa tabaka la maji baridi yasiyo na chumvi nyingi hulikinga. Lakini kwenye nyufa na ngazi za barafu uyeyukaji ulikuwa wa kasi zaidi, na mstari wa kugusa mwamba umerudi nyuma kilomita 14 tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Aliyesoma utafiti mmoja aliandika "polepole kuliko ilivyohofiwa". Aliyesoma mwingine aliandika "hali mbaya". Wote walikuwa sahihi. Na habari moja iliyoweka viungo vya tafiti zote mbili iliupa kila mmoja pointi kamili, kwa hiyo kujumlisha alama za tafiti pacha ni kuhesabu sauti moja mara mbili.

Mfano mwingine ni wa Oktoba 2023. Kaitlin Naughten na wenzake wa British Antarctic Survey walionyesha kwamba maji ya Bahari ya Amundsen yatapata joto karibu mara tatu ya kasi ya karne iliyopita, na kwamba kubana uzalishaji wa hewa ukaa hadi viwango vya Mkataba wa Paris hakubadilishi sana matokeo hayo ikilinganishwa na uzalishaji wa kiwango cha kati. Habari nyingi ziliambatanisha mita 5, kiasi ambacho bahari ingepanda kama barafu yote ya Antaktika Magharibi ingekwisha. Utafiti haukukokotoa kina cha bahari kabisa. Ulikuwa wa bahari na uyeyukaji wa chini ya mabamba, kwa modeli moja, na waandishi wake walisema hivyo. Kwa msomaji wa Pemba au Lamu jambo hilo si la mbali: barafu ya Antaktika Magharibi ikipungua, mvuto wake juu ya maji yanayoizunguka nao hupungua, maji huhamia mbali, na Bahari ya Hindi ni miongoni mwa sehemu zinazopata zaidi ya wastani wa dunia. Ndiyo sababu ya kutaka namba iliyo kwenye utafiti, si iliyobandikwa na mhariri.

Wasomaji wanapatikana wapi basi?

Kuna vipimo vitatu vinavyokaribia usomaji, na kila kimoja kina tundu lake.

Cha kwanza ni idadi ya kufunguliwa na kupakuliwa. Wachapishaji wengi hufuata kanuni za COUNTER, ambazo toleo lake la tano lilianza Januari 2019. Roboti huondolewa, na mibofyo miwili ya mtu mmoja ndani ya sekunde 30 huwa mmoja. Muhimu zaidi, COUNTER hutenganisha "uchunguzi", unaojumuisha hata aliyefungua muhtasari tu, na "ombi", ambalo ni kufungua maandishi kamili. Utafiti ulio nyuma ya malipo hupata chunguzi nyingi na maombi machache: watu wamefika mlangoni wakarudi. Ukipewa namba ya kufunguliwa, uliza kwanza ni ipi kati ya hizo mbili. Nakala iliyoshushwa Sci-Hub, tovuti inayotoa tafiti bila ruhusa ya wachapishaji, haimo. Nakala iliyotumwa kwa barua pepe na mwandishi mwenyewe haimo. Nakala moja iliyopakuliwa chuoni kupitia Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi maskini tafiti bure au kwa bei ndogo, ikachapwa na kugawiwa darasa la watu 30, ni ombi moja.

Cha pili ni Mendeley. "Msomaji" hapo ni mtu aliyehifadhi utafiti kwenye maktaba yake, ambaye huenda hajaufungua tena tangu siku hiyo. Hata hivyo, katika vipimo vya mtandaoni ndicho kinachoendana vizuri zaidi na kunukuliwa kwa baadaye. Jumbe za Twitter huendana nako kidogo mno. Tena kina jedwali ambalo watu hulipuuza: vyeo na taaluma za waliohifadhi. Utafiti wa barafu ambao wasomaji wake karibu wote wako kwenye sayansi ya Dunia bado unazunguka ndani ya ukoo. Ukiona wahandisi, wachumi na watu wa sayansi za jamii wameanza kuingia, unatumika kwenye kazi nyingine. Wanaotumia Zotero, programu nyingine ya aina hiyo, hawamo kwenye hesabu hiyo.

Cha tatu ni kunukuliwa, ambako huchelewa mwaka mmoja hadi miwili na kisha huendelea kupanda wakati alama imeshalala. OpenAlex, hifadhidata ya wazi ya tafiti, huonyesha nukuu bure. Kunukuliwa nako si kusifiwa: utafiti hunukuliwa pia ili upingwe.

Kuna kasoro ya kiufundi inayowahusu hasa watu wa barafu. Jarida lao kubwa, The Cryosphere, huweka kwanza rasimu hadharani ijadiliwe na wakaguzi, kisha hutoa toleo la mwisho. Rasimu ina DOI yake, yaani namba ya kudumu ya kuutambulisha utafiti mtandaoni, na toleo la mwisho lina DOI yake. Mwandishi wa habari aliyeiwahi rasimu amepeleka pointi zake kwenye DOI ambayo hakuna atakayeitazama mwaka ujao. Ukikuta utafiti mzuri wa jarida hilo una alama ndogo isiyoeleweka, fungua ukurasa wa rasimu kabla ya kusema haukuvuma. Ukiwa hapo, soma maoni ya wakaguzi. Yako wazi kwa kila mtu, na mara nyingi aya mbili za mkaguzi hukueleza udhaifu wa modeli kuliko habari thelathini.

Kisichohesabiwa kabisa ni kingi zaidi. Kinasaji, yaani programu inayonasa kutajwa kwa utafiti, huutambua utafiti kwa kiungo cha DOI au cha ukurasa wa jarida, au kwa programu inayotafuta jina la mtafiti pamoja na jina la jarida ndani ya habari. Habari iliyoandika "wanasayansi wa Uingereza wamebaini" bila jina wala kiungo imepotea. Habari iliyosomwa redioni kwa Kiswahili imepotea, hata kama imesikika kuanzia Mombasa hadi Bukavu. Kundi la WhatsApp limefungwa kwa vinasaji vyote, na Facebook huhesabiwa kurasa za wazi tu. Duara kwa hiyo huonyesha zaidi mazungumzo ya Kiingereza, ya walioko X na ya tovuti zinazoweka viungo. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kazi yake ionekane afanye jambo moja dogo: aweke DOI kamili, ile inayoanza na 10, ikitanguliwa na doi.org, ndani ya habari yenyewe.

Kulikagua duara lenyewe hakuchukui dakika tano. Libofye. Rangi zikuambie kwanza: nyekundu ni habari, njano ni blogu, buluu ni mitandao ya kijamii; duara jekundu karibu lote linakutuma kwenye orodha ya habari kutafuta nakala. Kisha tazama ulinganisho, si namba. Altmetric huulinganisha utafiti na mwingine uliotoka ndani ya wiki sita kabla au baada yake, na pia na tafiti za jarida lilelile. 150 kwenye Nature ni jambo la kawaida, 150 kwenye jarida dogo la hidrografia ni sherehe. Halafu fungua nyaraka za sera uone nani ameutaja, na jedwali la Mendeley uone nani ameuhifadhi. Mwisho tafuta tafiti zilizounukuu baadaye, ukianza na ile inayoupinga.

Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye gharama. Mwaka 2016 Robert DeConto na David Pollard waliandika kwenye Nature kwamba Antaktika peke yake inaweza kuinua bahari zaidi ya mita moja ifikapo 2100 kama uzalishaji wa hewa ukaa hautadhibitiwa, kwa sababu mabamba yakiisha magenge marefu ya barafu yatabomoka kwa uzito wake yenyewe. Namba hiyo ilienea kote. Februari 2019, kwenye jarida lilelile, Tamsin Edwards na wenzake walizirudia hesabu hizo na kuonyesha kwamba ubomokaji wa magenge si lazima ili kueleza mabadiliko ya zamani, na bila huo mchango unaoelekea zaidi kutokea ulishuka hadi sentimita 15 hivi. IPCC kwenye ripoti ya 2021 haikuitupa dhana hiyo. Iliiweka kama jambo lenye uwezekano mdogo na madhara makubwa. Anayeishia kwenye duara la 2016 anabaki na mita moja.

Upande wa pili nao upo. Oktoba 2015 utafiti wa NASA ulisema Antaktika ilikuwa ikiongeza barafu, tani bilioni 82 kwa mwaka kati ya 2003 na 2008. Ulisambazwa kwa bidii na wanaokanusha mabadiliko ya tabianchi, na kila ujumbe wao uliingia kwenye alama sawasawa na wa msifiaji, kwa kuwa kinasaji huhesabu kutajwa, hakipimi maana. Mwaka 2018 timu ya kimataifa ya IMBIE iliunganisha vipimo vya setilaiti vingi na kupata kinyume: Antaktika ilipoteza takriban tani bilioni 2,720 kati ya 1992 na 2017. Utafiti ule wa 2015 bado unasambazwa leo kama habari mpya, ilhali takwimu zake ziliishia 2008, jambo lililoandikwa kwenye muhtasari wake.